Taa za Krismasi Kampala na swali la mama

Na Mwandishi Maalumu, Kuluva

ILIKUWA imebaki dakika chache kutimia saa moja jioni, wiki moja kabla ya Krismasi ya mwaka 2023. Mimi na mama yangu mzazi tulikuwa tumesimama kando ya Kampala Road, si mbali na Posta Kuu. Mchana wa siku hiyo tulikuwa tumeteremka kwenye basi kutoka Arua. Jua lilikwishazama na joto la mchana lilikuwa bado linatoka kwenye lami. Mara miti iliyopandwa mbele ya jengo moja la ofisi ikawaka yote kwa pamoja, kutoka shinani hadi kwenye matawi, kwa balbu ndogondogo zisizohesabika. Juu ya nguzo za barabarani zikawaka nyota. Watu waliokuwa wakipita wakaguna kwa furaha. Mtoto mmoja aliyebebwa mabegani mwa baba yake akapiga makofi.

Mama hakupiga makofi. Alinishika mkono, akanivuta nyuma mpaka migongo yetu ikagusa ukuta, kisha akaniuliza kwa Kilugbara, kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusikiwa: “Nani atazizima?”

Nilitaka kucheka. Halafu nikakumbuka mama yangu ni nani na tumetoka wapi, kicheko kikaniishia kooni.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mmoja wetu tuliokimbia West Nile tukiwa migongoni mwa mama zetu, huenda swali hilo umelielewa tayari. Kama wewe ni mfanyabiashara unayepita Vurra au Oraba na mizigo yako, huenda safari ya Kampala kwako ni Kikuubo na Arua Park tu, kununua na kupakia, kisha kugeuka usiku uleule. Makala haya nayaandika kwa ajili yenu wote wawili. Mwezi wa Desemba, jiji lile lina kitu kingine cha kutazama ambacho hakiuzwi, na mimi nilichelewa sana kukijua.

Koroboi iliyozimwa

Nilizaliwa Kuluva mwaka 1980. Hapa petu panajulikana kwa hospitali ya misheni iliyoanzishwa na Waingereza, ndugu wawili wa ukoo wa Williams, na barabara inayotoka Arua kwenda Nebbi inapita karibu. Oktoba ya mwaka huohuo wanajeshi wa zamani wa utawala uliopinduliwa mwaka 1979 waliingia West Nile kutoka ng’ambo ya mpaka, na jeshi la serikali lilipokuja kuwafukuza, halikuchagua nani askari na nani mkulima. Watu kwa maelfu walivuka kuingia Zaire na Sudan. Mama alivuka usiku upande wa Vurra, mimi mgongoni, kaka yangu mkubwa akimshika kanga.

Anavyosimulia yeye, usiku ule jirani mmoja aliwasha koroboi atafute viatu vya mtoto. Mwanga ukapenya kwenye kuta za nyasi. Hadi leo mama hajawahi kutuambia kilichofuata kwa jirani huyo. Husema tu, “Taa iliwaita.” Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombachi, nje kidogo ya Arua, wakidhani wangekuwa salama chini ya msalaba, waliuawa. Habari hizo zilipotufikia upande wa pili, wazazi wangu walikata shauri kwamba hatutarudi karibuni. Tukasogea ndani zaidi, Aru, kisha Mahagi, mwisho Bunia, ambako baba alipata kibarua katika ghala la mfanyabiashara mmoja.

Bunia ndiko nilikosoma. Darasani Kifaransa, uwanjani Kiswahili cha kule, nyumbani Kilugbara. Krismasi tuliiita Noeli. Tulikuwa na chakula, tulikuwa na nguo mpya pale baba alipolipwa, tulikuwa na nyimbo. Kitu ambacho hatukuwa nacho ni taa. Gari likisikika mbali usiku, mama alipuliza koroboi hata kama tupo katikati ya kula. Tulimalizia kula gizani, kila mmoja akipapasa bakuli, na hakuna aliyeuliza. Sisi watoto tulidhani kila nyumba hufanya hivyo.

Baba alifariki mwaka 1994 na tukamzika hukohuko. Mwaka 1999, vita vya Wahema na Walendu vilipoanza Ituri, mama alipuliza koroboi yake mara ya mwisho Bunia, tukafunga virago kurudi Uganda. Nilikuwa na miaka 19. Nilirudi katika nchi yangu nikiwa sijui Kiingereza, nikaanza tena kama mtoto, hadi nikawa mwalimu. Ndiyo kazi yangu mpaka leo.

Hata huku nyumbani giza halikuwa na amani. Wengi wenu mnakumbuka miaka ile ambayo barabara ya Pakwach kwenda Karuma ilivizwa na waasi wa LRA, magari yakisubiriana yapite kwa msafara wenye askari. Kusafiri usiku kulikuwa kama kujiuza. Hivyo mama yangu, mpaka anatimiza miaka sabini, hakuwahi kuliona jiji la Kampala usiku. Alikwishafika mara mbili kwa matibabu, na mara zote mbili kabla ya magharibi alikuwa ndani, pazia limefungwa.

Safari ya mchana

Wazo la safari lilikuwa la dada yangu anayeishi Bwaise. Alipiga simu Novemba akasema, “Mwalimu, mlete mama aone taa kabla macho hayajamwisha.” Mama ana mtoto wa jicho, na upasuaji alikuwa anauahirisha kila mwaka. Tulipatana kwamba tungemtembeza jijini na kumshawishi akapimwe.

Tulichagua basi la mchana ili mama aone njia. Nawashauri wenzangu wenye wazee mfanye hivyohivyo. Kutoka Arua hadi Kampala ni takriban kilomita 500. Unateremka Nebbi, unavuka Mto Nile kwa daraja la Pakwach, na kama una bahati unaona tembo kabla hujafika Karuma, ambako maji yanatoa povu jeupe chini ya daraja. Mama alinyamaza kutoka Pakwach mpaka Karuma. Tulipovuka alifungua mfuko akagawa karanga kwa abiria wa viti vya jirani, hata wasiowajua. Nikajua alikuwa akihesabu kilomita.

Kule mbele ni Kigumba, Luweero, Bombo, kisha foleni. Desemba foleni ya kuingia Kampala huanzia mbali. Mwaka ule ilizidi kwa sababu jiji lilikuwa linakarabatiwa kupokea wageni wa mikutano miwili mikubwa, ule wa nchi zisizofungamana na upande wowote na ule wa kundi la G77, iliyofanyika Munyonyo Januari 2024. Barabara zilichimbwa, kingo zikapakwa rangi, nguzo za taa zikasimamishwa. Dereva wa bodaboda mmoja alituambia kwamba safari hii Krismasi imekuja na kaka yake.

Jiji linapowaka

Turudi pale ukutani. Mama aliuliza nani atazizima. Nilimjibu kwamba hakuna, zitawaka mpaka asubuhi. Akauliza, “Na zinamulika nini?” Nikatazama. Hazikuwa zinamulika shimo wala mlango wala duka. Nikamwambia ukweli: “Hazimuliki kitu, mama. Zimewashwa zipendeze tu.”

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauachia mkono wangu na kupiga hatua moja kutoka ukutani.

Tulitembea polepole. Tulipita Uwanja wa Katiba, mbele ya Mahakama Kuu, ambako vijana walikuwa wakipigana picha chini ya miti. Tukapanda upande wa hoteli ya Sheraton, ambayo kuwasha mti wa Krismasi ni desturi yake ya kila mwaka, tukatazama bustani yake kutoka nje ya uzio. Wapiga picha wa mtaani walikuwa na mashine zao ndogo za kuchapia shingoni. Muuza mahindi ya kuchoma alikuwa amejifunga kofia nyekundu ya Baba Krismasi yenye manyoya meupe, jasho likimchuruzika masikioni. Mama alimwonea huruma, akanunua mahindi mawili, akamshauri avue kofia. Yule kijana akamjibu kwa heshima, “Jaja, bila kofia hawaninunui.”

Wanawake wa Kiislamu waliojitanda buibui walikuwa wakipiga picha na watoto wao palepale penye nyota. Nililiona hilo na kufurahi. Sisi wa Arua na Koboko tumezoea: Wanubi jirani zetu hutuletea sahani Idi, nasi huwapelekea sahani Krismasi. Taa nazo hazimuulizi mtu dini.

Tulimalizia Arua Park. Msomaji wa Koboko hahitaji kuelezwa mahali hapo. Jina letu limebandikwa katikati ya Kampala, na pale Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Lingala na Kiswahili vinasikika kuliko Kiganda. Wapagazi walikuwa wakifunga marobota ya kwenda Juba na Ariwara. Mapambo ya barabara kuu hayakufika huku. Lakini mwenye kibanda cha vocha alikuwa amezungushia dirisha lake uzi mmoja wa taa za rangi, nusu yake imeungua. Mama alisimama pale muda mrefu kuliko alivyosimama Sheraton. “Hii,” alisema, “hata mimi naiweza.”

Desturi ya watu wa baridi

Mwalimu ni mwalimu hata likizo. Niliporudi nilitaka kujua desturi hii ilitoka wapi, nami nawaletea nilichopata.

Mtu wa kwanza kuweka taa za umeme kwenye mti wa Krismasi alikuwa Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, mjini New York, Desemba 1882. Aliweka balbu 80 nyekundu, nyeupe na bluu kwenye mti uliokuwa ukizunguka sebuleni mwake. Lilikuwa pia tangazo la biashara, kwani Edison alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuuza umeme mjini humo. Wafanyabiashara wenzangu mtaona kwamba jambo hili lilianzia dukani.

Katika nchi za baridi taa hizi zina maana ya ziada. London mwishoni mwa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni na kuchomoza saa mbili asubuhi. Mtu anaenda kazini gizani na kurudi gizani. Mtaa wa Regent ulianza kupambwa kwa taa mwaka 1954, miaka michache baada ya vita kuu, wakati watu wa mji ule walikuwa bado wanakumbuka amri ya kuzima taa kila usiku ili ndege za Wajerumani zisiwaone. Niliposoma habari ya amri hiyo nilifunga kitabu. Kumbe na akina mama wa London walipuliza koroboi zao.

Kwetu karibu na ikweta jua halina msimu. Huzama karibu saa moja, Juni au Desemba. Je, sisi wa nchi za joto tunaiga tu? Sidhani. Cape Town, Afrika Kusini, huwasha taa za mtaa wa Adderley kila mwaka katikati ya kiangazi, na watu husubiri hadi karibu saa mbili usiku ndipo giza liingie. Singapore, ambayo kama Kampala iko hatua chache tu kaskazini ya ikweta, imekuwa ikipamba barabara yake ya Orchard tangu mwaka 1984. Nia ilikuwa kuvuta watalii na wanunuzi, na watu wanakuja mpaka leo. Katika miji ya joto taa hizi zina faida ambayo London haina: mtu anaweza kuzifurahia kwa miguu, na shati jepesi, mpaka usiku wa manane, bila kukimbilia ndani kujipasha moto.

Ugomvi wa kaka

Kaka yangu ni mfanyabiashara wa Koboko. Hupeleka sabuni na sukari Kaya na Ariwara, na hapendi mambo ya mapambo. Niliposimulia safari yetu kwenye simu alinikata kauli.

“Mwalimu,” alisema, “unajua ni vituo vingapi vya afya huku ambako mama anajifungua kwa tochi ya simu? Wewe unasifu taa za miti!”

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya nilikuwa nalo. Wakati ule kaka alikuwa na haki ya kuchukia. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa na Malkia Elizabeth Aprili 1954, mwaka uleule taa za Regent zilipoanza. Kampala ikapata umeme, viwanda vikapata umeme. West Nile tuliachwa na jenereta, na baadaye, mwaka 2012, bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5 huko Zombo, ambalo mashine yake ilipoharibika mkoa mzima ulirudi gizani. Wachomeleaji wa Arua walikuwa wakifanya kazi usiku wa manane kwa sababu ndipo umeme ulipokuja. Mtu wa hali hiyo ukimwambia habari za nyota juu ya nguzo, lazima akuulize kama una akili timamu.

Lakini nilimwambia jambo moja. Wodi ya wazazi inahitaji taa kwanza, hilo halina mjadala. Ila tukisema kwamba maskini asiwashe taa ya furaha mpaka shida zote ziishe, tutakuwa tumemhukumu mama yetu afe bila kuiona. Kaka alinyamaza, akauliza, “Kwani yeye alisema nini?” Nikamwambia habari ya kibanda cha vocha. Siku mbili baadaye akatuma fedha kwa simu, na ujumbe mfupi: “Mnunulie.”

Somo la Kikuubo

Hapa nataka kuzungumza na wafanyabiashara, kwa sababu nililipa ada ya somo hili.

Nilikwenda Kikuubo siku mbili kabla ya Krismasi, siku ambayo mtu mwenye akili haendi. Nikasukumwa, nikakanyagwa, nikanunua nyuzi mbili za taa kwa bei ya kurukia. Uzi wa kwanza, nilipouchomeka kwa dada Bwaise, ulitoa harufu ya mpira unaoungua na kuzimika ndani ya dakika kumi. Fundi wa mtaani alisoma maandishi madogo kwenye plagi akacheka. Ulikuwa umetengenezwa kwa umeme wa volti 110, wa nchi kama Marekani. Umeme wetu Uganda ni volti 240, na kule Kongo ni 220. Uzi wa 110 ukiuchomeka huku unaunguza balbu, na bahati mbaya ikizidi unaunguza nyumba.

Kwa hiyo, soma plagi kabla hujalipa. Pili, chagua taa za LED. Uzi wa balbu 100 za zamani hula kama wati 40, lakini wa LED unakula chini ya wati 10. Taa hizo hazipati joto kali, na hata sola ndogo ya nyumbani inaziweza. Tatu, uliza kama uzi ni wa ndani au wa nje, kwa maana umande wa asubuhi ukiingia kwenye plagi ya ndani ni hatari. Nne, mwombe muuzaji auchomeke mbele yako, usubiri dakika tano. Akikataa, nenda duka la pili.

Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutoka mji wa Yiwu, China. Yanafika Mombasa, yanapanda Kampala, yanafika Arua Park, yanateremka Koboko, na huenda yakavuka Oraba kuingia Sudan Kusini. Katika mnyororo huo mtu wa mwisho, mteja wa kijijini, ndiye anayebaki na uzi wa volti 110. Tusimfanyie hivyo jirani yetu.

Umeme wafika, mama aamua

Mwaka 2024 West Nile iliunganishwa hatimaye na gridi ya taifa, miaka 70 baada ya Owen Falls kufunguliwa. Arua ilikuwa imepandishwa kuwa jiji tangu Julai 2020, na wengi tulitania kwamba ni jiji la mishumaa. Utani huo umepungua nguvu. Umeme bado hukatika, lakini saluni na mashine za kusaga hazisubiri tena usiku wa manane.

Macho ya mama yalipasuliwa katikati ya mwaka huohuo, jicho moja kwanza, kisha la pili. Mkesha wa Krismasi ya 2024 nilitoa ule uzi wa pili, uliopona, nikaupandisha kwenye mwembe wa uani, watoto wakinielekeza kwa makelele. Kaka alikuja kutoka Koboko na mbuzi kwenye buti ya gari. Ile safari, ambayo zamani ilikuwa vumbi la nusu siku, sasa ni lami tangu Vurra mpaka Oraba, kilomita 92 zote.

Nilimwita mama abonyeze swichi. Alikataa. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, mikono mapajani. Watoto wakaanza kunung’unika. Kaka akasema, “Mama, vita viliisha.”

Mama akamjibu, “Nani alikuambia niliogopa vita? Niliogopa kwamba nikizoea mwanga, siku utakapozimwa nitalia.”

Hakuna aliyekuwa na la kusema. Mwishowe alisimama, akaja mpaka kwenye soketi, akaniuliza ni wapi pa kuzimia. Nikamwonyesha. Akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena, akaizima. Alifanya hivyo mara nne au tano, kama mtoto, au kama fundi anayejaribu kazi yake. Nilielewa kwamba kuwasha hakukuwa shida kwake. Alitaka kuwa na hakika kwamba mkono wa kuzima ni wake mwenyewe.

Mara ya mwisho aliiacha ikiwaka. Mwembe ule mzee ukang’ara mwekundu na kijani. Majirani wakaja na viti vyao, bila kualikwa. Bibi mmoja aliyekimbilia Yei wakati sisi tukikimbilia Bunia alisema kwamba mwaka 1980 wangetupiga kwa uzi huu mmoja tu. Watu wakacheka, kile kicheko cha watu wa rika lao. Tulikula tukionana nyuso. Karibu saa tano lori likasikika likipanda kutoka upande wa Nebbi. Nilimtazama mama. Aliinua kichwa, akasikiliza, mkono ukasogea kidogo kuelekea ukutani. Kisha lori likapita, naye akaomba aongezewe mchuzi.

Kabla hujasafiri

Anayetaka kuwapeleka wazee au watoto Kampala mwaka huu azingatie haya. Nunua tiketi mapema, kwa maana nauli hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia, na tiketi ya kurudi ndiyo ngumu zaidi. Nenda kabla ya tarehe 22, kwa sababu baada ya hapo wenyeji wenyewe wanahama kwenda vijijini na jiji linabaki tupu. Toka matembezi baada ya saa moja na nusu, foleni ikianza kupungua. Simu iweke mfuko wa mbele, na mtoto umwandikie namba yako kwenye karatasi mfukoni mwake. Kampala ni joto, lakini ndani ya basi alfajiri huwa baridi, hivyo mzee abebe shuka.

Na kwa viongozi wa jiji letu la Arua na manispaa ya Koboko nina ombi dogo. Taa za sola zilizosimamishwa kwenye barabara zetu, nyingine zimekwishakufa. Zitengenezwe kwanza, ili mama wa sokoni afunge biashara akiona chenji yake. Zikishatengenezwa, tafuteni mti mmoja pale sokoni, na mwingine mpakani Vurra, mahali ambapo mama zetu walivuka gizani, mviringishie uzi mmoja wa taa kila Desemba. Gharama yake ni ndogo. Wafanyabiashara tutachanga, na kaka yangu amesema atatoa wa kwanza, mradi usiwe wa volti 110.

Mama amekwishaniuliza kama uzi wetu bado uko kwenye boksi. Nimemwambia upo. Ameniagiza niujaribu mapema.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Kuluva, Arua.